Mlezi wa Mzee Asiachwe Peke Yake
(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na watetezi wa mageuzi)



Tumeitwa kunena juu ya wazee, nasi twajua hotuba za namna hii huishia wapi. Husifiwa hekima yao, hutajwa ile methali kwamba penye wazee haliharibiki neno, kisha watu hutawanyika na mzee hubaki alipokuwa. Kwa hiyo leo twaanza na mtu ambaye hatajwi kamwe, yaani yule amleaye mzee.

Mara nyingi mtu huyu ni binti, au mke wa mwana, au mjukuu aliyeachishwa masomo. Ndiye amwoshaye mzee alfajiri, amgeuzaye kitandani usiku, amkumbushaye dawa, na afuaye mashuka kila siku. Hana mshahara wala siku ya mapumziko. Daftari la serikali humtambua pale tu anapoandikishwa ili amchukulie mzee fedha zake. Tunasema wazi kwamba mabega ya mtu huyu yamebebeshwa wajibu ambao Katiba iliwagawia wawili.

Tuitazame Katiba hiyo, maana wengi waliokusanyika hapa waliipigania. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chaiagiza Dola ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, na wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kisha chasema kwamba wana haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia yao na kutoka kwa Dola. Neno "na" hapo ni dogo, lakini ni zito. Wenye kutawala hupenda kusoma sehemu ya familia wakaishia hapo. Hutuambia kwamba Mwafrika huwatunza wazazi wake. Ni kweli, huwatunza. Lakini desturi njema ya mwananchi haiwezi kuwa kisingizio cha serikali kukwepa deni lake.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimiza miaka 60 walizidi milioni 2.7. Wengi wao walilima mashamba madogo, waliuza sokoni, walifanya vibarua, au walilea watoto. Kazi hizo hazina malipo ya uzeeni. Tena, tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipoifagia nchi, wazee wengi wamekuwa walezi wenyewe, wakiwasomesha wajukuu walioachwa yatima. Katika nyumba za namna hiyo mlezi na mwenye kulelewa huwa ni mtu mmoja.

Je, serikali haijafanya lolote? Tusiwe watu wa kulaumu bila haki. Mpango wa kuwapa wazee maskini fedha ulianza kwa majaribio kati ya mwaka wa 2006 na 2007. Mwaka wa 2018, kwa jina la Inua Jamii, ulipanuliwa umfikie kila mzee aliyetimiza miaka 70 asiye na malipo ya uzeeni, kwa kiasi cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na familia nyingi zimenunua unga na dawa kwa fedha hizo. Lakini mara nyingi malipo yamechelewa kwa miezi, na mwenye duka aliyekopesha sukari hangoji hazina ya taifa ijipange. Tena kuna pengo. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 260, yamhesabu mtu kuwa mzee akishapita miaka 60. Ikiwa fedha zangoja miaka 70, mama aliyechoka akiwa na miaka 62 atakula nini katika hiyo miaka minane? Wala tusiambiwe kwamba nchi maskini haiwezi. Jirani zetu wa Zanzibar walianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 kutoka hazina yao wenyewe, miaka miwili kabla yetu.

Hata hivyo, fedha peke yake haimgeuzi mgonjwa kitandani. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgongoni na nyongani, na vidonda hivyo vyaweza kumwua. Huzuiwa kwa jambo jepesi kulisema, zito kulitenda: kumgeuza kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na kumweka mkavu. Mtu mmoja hawezi kuifanya kazi hiyo mwaka mzima asivunjike yeye mwenyewe. Ni nani aliyemfundisha namna ya kumwinua mzee bila kuumia mgongo? Ni nani humshika mkono japo mchana mmoja, naye apate kulala?

Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa mashinani wapatao 100,000, kila mmoja akikabidhiwa mkoba wenye vifaa, kikiwemo cha kupimia shinikizo la damu na cha kupimia sukari. Hao hufika mlangoni pa mwananchi. Tunadai kwamba wapewe pia mafunzo ya kumtunza mzee nyumbani, na kwamba wanapomaliza kumpima mzee wamgeukie mlezi na kumwuliza: Je, nawe wa hali gani?

Upweke wa mlezi una hatari nyingine inayotutia huzuni. Mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau hutangatanga usiku, huongea peke yake, husahau majina ya watoto wake, na pengine hupatikana nje ya boma la mtu alfajiri. Mlezi aliyesaidiwa atajua kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo. Kijiji kisichofundishwa kitanong'ona kwamba ni uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa shutuma za uchawi. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa shutuma hizo hizo, na waliookoka wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, huko Ganze. Tena pale, watu hunong'ona, ya kwamba nyuma ya neno uchawi mara nyingi husimama neno shamba. Mimbari iliyonyamaza juu ya mauaji haya haina budi kujiuliza yanyamaza kwa faida ya nani.

Wako watakaosema: tujenge makao ya wazee. Yapo machache, nasi twayaheshimu. Jijini Nairobi mna Mji wa Huruma na Nyumba ya Wazee ya masista, na huko Kikuyu kuna makao ya Thogoto yaliyo chini ya kanisa. Yanawapokea wasio na mtu, na wanaoyahudumia wanastahili kuungwa mkono. Lakini sehemu kubwa kabisa ya wazee wetu wataishi na kufa katika nyumba zao. Msaada basi ufuate walipo.

Kwa hiyo twatoa mwito, kwanza kwa kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatuambia kwamba katika kanisa la kwanza wajane fulani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walitaka watu saba wachaguliwe, wakawakabidhi kazi hiyo. Manung'uniko yalijibiwa kwa utaratibu. Basi kila jumuiya ndogo na kila ushirika uwe na orodha mbili: ya wazee wasioweza kutoka nyumbani, na ya walezi wao. Ipangwe zamu, ili kila juma mtu mmoja aketi na mzee kwa saa nne, na mlezi aende sokoni, au kliniki, au alale. Jumba la kanisa lililofungwa Jumatatu hadi Ijumaa lifunguliwe siku moja, wazee wapate uji, wapimwe, na waongee na wenzao. Wala vijana wa kiume wasijione wageni katika kazi hii. Kumwosha baba mzazi hakupunguzi uanaume wa mtu.

Pili, kwa wanaharakati. Huduma za afya za mashinani ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na kaunti hutenda kulingana na bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Umma una haki ya kusikizwa. Twende huko na walezi wenyewe, na tuulize bila hofu: Je, wazee wametengewa shilingi ngapi? Kliniki gani ina siku ya wazee? Nepi za watu wazima na dawa za shinikizo la damu zitatoka wapi? Mwakilishi wa wadi akijibu kwa kicheko, jibu lake liandikwe lisomwe kijijini. Na kwa serikali ya taifa twadai mambo mawili: malipo yafike kwa tarehe inayojulikana, na umri wa kuyapokea ushushwe hatua kwa hatua hadi ule uliomo katika Katiba.

Mwisho, tusiwanene wazee kana kwamba kazi yao ni kupokea tu. Mwaka wa 1992 mama za wafungwa wa kisiasa, baadhi yao wakiwa na mvi, waliketi katika bustani ya Uhuru Park wakifunga kula ili wana wao waachiliwe. Walipopigwa na polisi, walihamia katika kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wazee hao walitutangulia katika harakati hizi. Uhuru wa kunena tunaoutumia hapa leo, sehemu yake ililipiwa kwa migongo yao.

Basi Jumapili ijayo, kabla ya matangazo ya harusi na michango, na tusikie majina ya walezi yakisomwa kanisani, na mbele ya kila jina la mlezi, jina la mtu atakayempumzisha juma hilo.