Kabla ya Kubonyeza "Ndiyo"
(Hotuba kwa kamati za parokia, Bagamoyo)



Tunashukuru kwa kompyuta za msaada zinazofika parokia zetu za pwani. Lakini mashine iliyokwisha tumika mara nyingi huwekewa mfumo endeshi upya, na hapo programu ya kusakinisha huuliza, mara nyingi kwa Kiingereza, kama diski nzima ifutwe. Katibu akikubali bila kuelewa, orodha ya ubatizo na hesabu za zaka zimekwenda.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi kubwa hiyo! Ila programu ya kuandikia barua huja baada ya mfumo kuwekwa. Mwaka 2006 Ubuntu 6.06 (jina la Kiafrika hilo) iliunganisha kujaribu na kusakinisha katika CD moja: mtu anauona mfumo kwanza, diski haijaguswa.

Tafsiri peke yake haitoshi. "Gawa diski" haimwambii katibu kitu; "mafaili yako yote yatapotea" inamwambia.

Tunaomba kila msaada uwe na siku moja ya majaribio. Nakala za mafaili zitolewe kwanza. Kisha katibu asakinishe mwenyewe kwenye mashine tupu, fundi akae kimya pembeni, aandike kila mahali mkono unaposita. Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana.