Saa Mbili kwa Wiki: Kumfundisha Jirani Aliyetoka Mbali
(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi waliokutana Kipsongo, mjini Kitale)

  Nawashukuru kwa kuacha vibarua na biashara zenu kuja kusikiliza jambo ambalo halina posho wala zabuni ndani yake.

Nimekuja kuomba kitu kimoja. Ikiwa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu, na unaweza kupata saa mbili kwa wiki, mpe saa hizo jirani yako aliyetoka mbali umfundishe. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza namna ya kufanya, maana nia njema peke yake haimfundishi mtu kusoma.

Kwanza tuelewane jirani huyu ni nani. Kitale iko kwenye barabara kuu inayoelekea kaskazini hadi Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Ukame unapokaza kule Turkana, au mifugo inapoporwa, watu huifuata barabara hiyo kuja kutafuta kazi na chakula. Ndivyo familia nyingi za Waturkana zilivyofika Kipsongo, na leo wako watoto na wajukuu wao waliozaliwa papa hapa. Mapigano ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008 yaliwang'oa watu makwao upande wa Bungoma na hata wa kwetu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zikawahamisha wengine. Na tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, tumezoea pia kuwaona mjini majirani wanaotoka Sudan Kusini.

Watu hawa hawana jina moja mbele ya sheria, na ni vizuri anayetaka kufundisha alijue hilo. Mturkana wa Kipsongo ni Mkenya. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, kwa hiyo kumwita mgeni au mkimbizi ni kumkosea. Aliyefukuzwa shambani kwake na mapigano ni mkimbizi wa ndani. Aliyevuka mpaka kuokoa maisha yake ni mkimbizi, naye ana haki zake katika Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Ila kuna mahali wote hukutana. Kifungu cha 53 kinapozungumzia elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kinamtaja kila mtoto. Hakiulizi alizaliwa wapi.

Najua kuna atakayeuliza, "Na kaunti iko wapi?" Ni swali la haki. Jedwali la Nne la Katiba liliikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, pamoja na elimu ya watu wazima ambayo wengi tunaijua kwa jina la gumbaru. Karo ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003. Hata hivyo, mtoto wa miaka 11 ambaye hajawahi kukaa darasani huona haya kuketi Gredi ya Kwanza na watoto wa miaka 6. Na mama ambaye hufua nguo za watu kutwa nzima hawezi kuhudhuria darasa la mchana. Hao ndio mwalimu wa kujitolea anaweza kuwafikia.

Niseme wazi pia kwamba kujitolea kwenu kusiwe kisingizio cha serikali yoyote kukosa kuleta walimu. Endeleeni kutudai madarasa ya chekechea. Mtoto wa Kipsongo anastahili mwalimu aliyesomea kazi hiyo na kulipwa. Nyinyi mtamsaidia kufika mlangoni mwa shule, na mtamsaidia asitoroke baada ya kuingia.

Sasa tuje kwa namna yenyewe.

Jambo la kwanza ni lugha. Sera yetu ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mjini mara nyingi lugha hiyo huwa Kiswahili. Lakini kwa mtoto aliyeshuka juzi kwenye lori kutoka Turkana, Kiswahili ni lugha ya kigeni kama Kiingereza. Ukimwandikia "maji" ubaoni naye hajui maji ni nini, atakariri michoro tu. Anza na masikio na mdomo kabla ya kalamu. Uliza yeye anayaitaje maji, naye atakwambia ngakipi. Msalimie kwa ejok. Ukijikwaa katika maneno yake atacheka, na siku atakayojikwaa katika yako hataogopa. Kama huijui lugha yake, mtafute kijana wa mtaani anayezijua zote mbili mkae naye. Huyo kijana ni mwalimu mwenzako, hata kama aliachia shule Darasa la Sita.

La pili, fundisha kile anachokihitaji wiki hii. Tuseme una mama anayeuza makaa. Usimwanzishie kitabu cha hadithi ya sungura na fisi. Anza na tarakimu, kwa sababu anapokea pesa kwa simu na hana budi kumpa mtu mwingine amsomee ujumbe. Anayesomewa ujumbe wa pesa huishia kumwambia mtu namba yake ya siri, na mnajua mwisho wake. Siku atakayosoma mwenyewe kwamba ameingiziwa shilingi 350, na salio lake ni kiasi gani, amepata kitu ambacho hakuna atakayemnyang'anya. Baada ya hapo nenda kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, tarehe ya kurudi, na maagizo ya dawa. Kisha jina lake kamili, namna ya kuliandika kwenye fomu ya hati ya kuzaliwa. Hadithi za sungura zitakuja, tena atazidai mwenyewe.

La tatu, mheshimu mtu mzima. Anayekuja kujifunza akiwa na miaka 45 amelea watoto, amevuka ukame, na anajua mengi ambayo wewe huyajui. Usimkemee mbele ya wanawe, wala usimshike mkono kama mtoto wa chekechea kabla hajakuruhusu. Mwite mama au mzee kama unavyowaita wa kwenu.

La nne, na ndilo linalovunja wengi, ni kushika siku. Watu wa Kipsongo wamewaona wageni wengi wakija na peremende na kamera, wakipiga picha, wakiondoka. Mwanafunzi wako atakupima kwa siku utakayosema utakuja. Kama ni Jumamosi saa nane, iwe Jumamosi saa nane hata mvua ikinyesha. Ikiwa unaweza mara moja tu kwa wiki, ahidi mara moja. Usiahidi karo, sare wala kazi. Na ukijua unahama au unarudi chuoni, mwambie mapema na umtafute wa kushika zamu yako.

La tano ni usalama wa watoto. Fundisha mahali pa wazi, kama kanisani, uwanjani au darasani kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, mzazi au mlezi akijua. Usikae peke yako na mtoto nyumbani mwako. Usisambaze picha zake. Ukiona dalili za mtoto kupigwa au kudhulumiwa, mpe chifu au ofisi ya watoto habari, au piga simu ya bure namba 116. Wala mwalimu hana kazi ya kukagua vitambulisho vya watu. Hiyo ina wenyewe.

Kuna anayenong'ona kwamba watu wazima wamechelewa. Tusiende mbali. Hapo Eldoret, mwaka 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha Darasa la Kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo akiwa na miaka 84. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Ghasia za 2008 zilipomkuta, akahamia kambi ya waliofukuzwa makwao, lakini shule hakuiacha. Alitembea kutoka kambini hadi darasani. Nyuma ya mzee huyo alikuwako mwalimu mkuu, Jane Obinchu, aliyekubali kumpa dawati wakati wengine wakimpinga. Hapa kwetu Maruge wako. Waliopungua ni wa kuwapa dawati.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza, amwone kwanza mzee wa mtaa, ambaye anazijua nyumba na anajua nani anahitaji. Kisha mpite kwa chifu na kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, ili watoto mtakaowaandaa wapate pa kuingia. Kwa watu wazima, ulizeni ofisi ya elimu ya watu wazima katika kaunti ndogo, kwani ina vitabu na mitihani yake, na mwanafunzi wenu anaweza kuendelea hadi apate cheti. Vifaa vya kuanzia ni daftari, kalamu, chaki na ubao mmoja. Anzeni na wanafunzi watatu au wanne. Wakishika, wataleta wenzao.

Kabla hatujatawanyika, kila anayeweza azungumze na mzee wa mtaa wake, ataje siku na saa atakayoweza kuja. Yule mama wa makaa yuko sokoni sasa hivi, na huenda kuna mtu anamsomea ujumbe wake.