Mkazi wa Segerea na Simba wa Mikumi: Haki ya Kutembelea, Wajibu wa Kutunza
(Mada kwa wakazi wa Kata ya Segerea)



Wakazi wengi wa kata hii wamekwisha kupita katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi pasipo kuitembelea. Abiria anayepanda basi Mbezi kwenda Iringa, Njombe, Mbeya au Songwe huivuka hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50 za barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Huchungulia dirishani, huhesabu twiga na pundamilia, humwonyesha mtoto tembo aliye mbali, kisha basi huingia mji mdogo wa Mikumi na safari ikaendelea. Kwa kawaida simba hamwoni. Simba hulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku, tena kivulini, mbali na makelele ya malori. Anayetaka kumwona hana budi kuiacha lami, kuingia langoni na kungoja.

Mada hii inakusudia mambo mawili. La kwanza ni kuwaonyesha wakazi kwamba safari ya kwenda kuwaona simba, chui na wenzao haikuwekwa kwa ajili ya wageni wa ng'ambo peke yao. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kueleza nani anayelipa gharama ili wanyama hao waendelee kuwepo, na mkazi wa mjini anadaiwa nini katika gharama hiyo.

Urithi ulio karibu

Tanzania inatajwa kuwa nchi yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa simba wametoweka katika sehemu kubwa sana ya maeneo waliyoishi zamani, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili limewaweka katika kundi la wanyama walio hatarini. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyamapori ni amana ambayo taifa jipya litaitunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Amana hiyo haikukabidhiwa mikoa yenye hifadhi peke yake.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Iko takriban kilomita 283 kutoka Dar es Salaam. Katika uwanda wa mto Mkata hulisha nyati, nyumbu, swala, twiga na tembo, na palipo na malisho ya namna hiyo simba hawakosekani. Mara nyingine simba hupanda juu ya kichuguu ili aone mbali. Chui naye yumo, ila ni mnyama wa siri. Hutembea usiku na mchana hujificha juu ya mti. Watu wengi humchanganya chui na duma. Chui ana mabaka yaliyo kama maua na mwili mzito, ilhali duma ana madoa ya mviringo, miguu mirefu, na mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni kama mchirizi wa chozi. Anayetaka kumwona duma ajiandae kwa safari ndefu zaidi, hasa nyanda za Serengeti.

Kusini mwa Mikumi iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Ina kilomita za mraba 30,893, na mto Rufiji umepita ndani yake. Mkazi wa Dar es Salaam huifikia kwa kupita Mkuranga, Kibiti na Mloka hadi lango la Mtemere.

Wanaoishi jirani na simba

Ndugu wakazi, jina la Rufiji linaleta upande wa pili wa habari hii. Mtalii huenda kwa simba kwa hiari yake, akiwa ndani ya gari. Mkulima wa Rufiji, Lindi au Mtwara amekuwa akijiwa na simba nyumbani kwake.

Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliwaua Watanzania wasiopungua 563 na kuwajeruhi zaidi ya 300. Wilayani Rufiji, simba mmoja alilaumiwa kwa vifo vya zaidi ya watu 30 kuanzia mwaka 2002 hadi alipouawa Aprili 2004. Alipochunguzwa alikutwa na jino bovu lililotunga usaha.

Utafiti huo ulieleza pia kwa nini watu walishambuliwa. Mashambulizi yalikuwa mengi zaidi katika maeneo yenye nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache. Nguruwe huharibu mazao, naye mkulima hulazimika kulala shambani, juu ya dungu au katika kibanda kisicho na mlango imara, ili aulinde mpunga na mahindi yake. Simba anayemfuata nguruwe humkuta mtu. Kwa hiyo mtu huyo hakuuawa kwa uzembe. Aliuawa akilinda chakula, na sehemu ya chakula hicho huenda ilikuwa njiani kuja kwenye masoko ya Dar es Salaam.

Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hatari huongezeka katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu. Katika usiku wa mbalamwezi simba huonekana na mawindo yake, hivyo hushinda na njaa. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, saa za mwanzo za usiku huwa na giza wakati watu bado wako nje. Mkazi wa Segerea aliye na shamba au ndugu katika wilaya zenye simba anaweza kuyafikisha maarifa haya kwa njia ya simu, wala hayana gharama.

Serikali imeweka utaratibu wa kifuta machozi kwa familia iliyofiwa na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao au mifugo na wanyamapori. Maombi hupitia uongozi wa kijiji na Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Hata hivyo, hakuna fedha inayolingana na uhai wa mtu, wala utaratibu huo haukusudiwi kuwa fidia. Ndiyo sababu kinga ina thamani zaidi. Katika wilaya ya Simanjiro wafugaji wamejenga mazizi yenye uzio wa waya ulioshikiliwa na miti hai badala ya nguzo kavu. Miti hiyo hukua, uzio ukazidi kuwa imara mwaka hadi mwaka, na ng'ombe wakalala salama. Mfugaji asiyepoteza ng'ombe hana sababu ya kumwinda simba kwa mkuki au kumtegea sumu.

Jinsi ya kwenda

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika utalii mwenyeji naye anaweza kuwa mgeni, na ada yake ikasaidia kulipa mishahara ya askari wa uhifadhi na matengenezo ya barabara za ndani ya hifadhi. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiwango chake ni sehemu ndogo tu ya dola anazolipa mgeni wa kutoka nje ya Afrika Mashariki. Watoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi. Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu langoni, bali kwa namba ya malipo ya Serikali au kwa kadi. Kwa kuwa viwango hupangwa upya kila baada ya muda, kikundi kinashauriwa kuwauliza TANAPA kabla ya kuanza kukusanya michango. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake cha Taifa, ili uraia wake usiwe na mjadala langoni.

Gharama kubwa huwa ni usafiri. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa husafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na baadhi ya safari hupitia Stesheni ya Pugu, ambayo haiko mbali na wakazi wa kata hii. Kutoka Morogoro hadi hifadhini ni mwendo wa kama kilomita mia moja kwa barabara. Familia moja ikikodi gari peke yake itaona mzigo. Vikoba, jumuiya ya kanisa, kamati ya msikiti au darasa la shule wakikodi basi dogo pamoja, mzigo hugawanyika. Kikundi kinachoweka akiba kidogo kidogo kwa miezi sita kinaweza kusafiri bila mtu yeyote kukopa.

Kuhusu malazi, loji za kitalii ndani na kando ya hifadhi zina starehe zake na bei zake. Zipo pia nyumba za wageni za TANAPA pale Kikoboga, yaliko makao makuu ya hifadhi, maeneo ya kupiga hema, na nyumba za kawaida za kulala wageni katika mji wa Mikumi. Kulala huko kuna faida moja kubwa: wageni huingia hifadhini mapema asubuhi, wakati simba bado wanatembea. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mtazamaji naye yampasa awe na subira ya namna hiyo.

Taratibu za ndani ni chache, nazo zimewekwa kwa usalama. Hakuna kushuka garini ila mahali paliporuhusiwa, kama vile eneo la bwawa la viboko. Hakuna kupiga honi wala muziki, kuacha njia, kulisha wanyama au kutupa taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na ndani ya hifadhi madhara yake ni makubwa zaidi kwa kuwa mnyama huweza kuimeza. Watoto waelezwe haya kabla ya safari, si langoni.

Wajibu unaoanzia Segerea

Asiyeweza kusafiri mwaka huu bado ana la kufanya. Yako mambo matatu.

La kwanza ni mwendo barabarani. Kata hii ina madereva wengi wa mabasi, malori na magari binafsi. Katika barabara inayopita Mikumi kuna vibao vya mwendo na orodha ya faini kwa anayemgonga mnyama. Sheria hiyo si ya kumlinda mnyama peke yake, kwa maana gari linalomgonga nyati au tembo usiku huweza kuua abiria pia. Abiria ana haki ya kumkumbusha dereva apunguze mwendo, wala asione haya.

La pili ni nyamapori na nyara. Nyamapori halali huuzwa katika bucha lenye kibali. Ile inayopitishwa nyumba kwa nyumba ndani ya ndoo mara nyingi imetokana na tanzi za waya, na tanzi iliyotegewa swala haichagui. Humnasa chui na simba vilevile. Aidha, kumiliki ngozi, jino, kucha au mafuta ya simba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, hata kama mtu ameambiwa kwamba ni dawa. Mnunuzi wa mjini akikosekana, mtega tanzi hana soko.

La tatu ni chanjo ya mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaofahamika kwa mbwa uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vilivyo jirani na hifadhi hiyo walianza kuchanjwa. Mkazi mwenye mbwa, hasa anayempeleka shambani Kisarawe au Rufiji, amwone Afisa Mifugo kwa ushauri wa chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kila mwaka, na kabla ya kumlinda simba humlinda mtoto anayecheza uani.

Ndugu wakazi, mkulima anayelala kwenye dungu na askari wa uhifadhi anayekesha porini wanatoa sehemu yao, tena kubwa. Mkazi wa Segerea anaombwa kutoa iliyo ndogo: kiingilio cha siku moja akiweza, mwendo wa kiasi barabarani, bucha halali na mbwa aliyechanjwa. Kikundi, shule au jumuiya itakayotaka kuandaa safari ianze kwa kupanga tarehe, kuhesabu watu na kuuliza bei kwa TANAPA. Orodha ikishakamilika, ofisi ya mtaa ijulishwe ili taarifa za msafara zifahamike.