Ndururu Yenye Tundu

Neno letu la leo latoka katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 21, mstari wa 1 hadi wa 4: habari za mjane maskini na sadaka yake.

Hapa kwetu Nakuru, tukirudishiwa chenji sokoni twaitia mfukoni bila kuitazama. Lakini mwenye kutazama huona mengi. Shilingi moja ina sura ya Mzee Kenyatta, nyingine ya Rais Moi, na ile ya mwaka 2018 ina twiga. Mwenye bahati hukuta shilingi arobaini, iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru wetu.

Basi Jumapili moja, katika kanisa moja upande wa Njoro, tulipokuwa tukihesabu sadaka tuliona ndururu kuukuu ya shaba, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Tulivaa miwani tukasoma: mwaka 1936, na jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo aliacha kiti chake Desemba ya mwaka huo huo, kabla hajavikwa taji. Tulifurahi mno. Ndururu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja wetu akauliza itauzwa kwa bei gani. Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani.

Jumapili tatu zikapita. Mama mmoja mzee, mjane, hakuonekana kanisani, nasi hatukutambua. Hatimaye tulipomtembelea, alitukaribisha ameinamisha uso. Akasema, "Pasta, mnisamehe. Najua ile pesa haitumiki siku hizi. Niliona aibu kikapu kinipite bure, na nyumbani sikuwa na kitu kingine."

Wapendwa, tulinyamaza. Jiko lake lilikuwa baridi. Ndururu tulikuwa tumeijua mpaka mwaka wake na mfalme wake. Dada yetu aliyeketi benchi ya nyuma miaka yote hatukumjua hata kama amekula.

Bwana Yesu alipoinua macho pale hekaluni, hakuichunguza sarafu. Alimtazama aliyeitoa, akajua ametoa riziki yake yote.

Ndururu tulimrudishia yule mama, na wazee wa kanisa wakapanga zamu ya kumwangalia. Lakini zamu hiyo ilichelewa majuma matatu, na kosa lilikuwa letu.

Juma hili ukipewa chenji, itazame, si vibaya. Kisha mtazame na yule aliyekupa.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe macho yetu yaonayo vitu yasione watu. Utufundishe kumjua jirani yetu kabla hajaona aibu kuja mbele zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.