Kilo 54.55: Kikosi, Mishahara na Usajili katika Soka ya Nakuru

 Nitajitahidi kumaliza mhadhara huu kabla ya dakika 90, ingawa siahidi kwamba hakutakuwa na za nyongeza.

Kazi yangu ni uchumi wa ajira na ujira. Nimeifundisha miaka mingi bila jirani yangu hata mmoja kuniuliza swali, mpaka nilipochaguliwa kuwa mweka hazina wa timu ya mtaa. Tangu siku hiyo Jumapili zangu si zangu tena. Timu yenyewe sitaitaja. Ilikuwa katika ligi za chini kabisa, na hesabu zake zote zilitosha kwenye daftari moja la shule. Siku ya kwanza kocha alinijia akaniuliza, "Mwalimu, msimu huu tunaweza kubeba wachezaji wangapi?" Kubeba! Hakusema kusajili, wala kuajiri. Nimesoma vitabu vingi vya ujira, lakini sijaona mahali suala lilipoelezwa vizuri kuliko katika kitenzi hicho.

Hebu tubebe pamoja. Chukueni klabu ya kubuni, ya ligi kuu, yenye makao hapa Nakuru. Mfadhili ameahidi shilingi milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni moja kwa mwezi. Kocha anataka wachezaji 25, na tumewaahidi 30,000 kila mmoja, pesa ambazo kijana mwenye mke na kodi ya nyumba atazimaliza kabla ya tarehe 20. Hapo zimetoka 750,000. Benchi la ufundi, tangu kocha mkuu hadi mtunza vifaa, tulipe 150,000. Kila mwezi zinabaki 100,000, na kwa mwaka ni milioni moja na laki mbili.

Sasa tusafiri. Ligi ya timu 18 ina mechi 34, na 17 kati ya hizo ni za ugenini. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Basi, mafuta, malazi, chakula cha watu karibu 30: tuseme kwa wastani kila safari inakula 120,000, tukichanganya za mbali na za karibu. Mara 17, ni 2,040,000. Tuna pengo la 840,000, kubwa kuliko mshahara wa mwezi mzima wa kikosi chote, na bado hakuna aliyevunjika mguu.

Mfadhili hataongeza. Tiketi za uwanjani hazitaziba, maana mashabiki wetu wengi hutazama kwa kupitia juu ya ukuta. Kwa hiyo mweka hazina anamrudia kocha na kumwambia abebe 20. Wachezaji watano waliopunguzwa wanaokoa 1,800,000 kwa mwaka. Pengo linazibika, na zinabaki 960,000 za matibabu, mipira na usajili. Kwenye karatasi tumepona. Uwanjani, ukitoa makipa wawili, kocha ana watu 18 wa kucheza nafasi kumi katika mechi 34, pamoja na majeraha, kadi na harusi za kina kaka. Atakachofanya mnakijua. Atachukua vijana watano wa mtaani na kuwaita "wa mazoezi". Hawatapewa mkataba, watapewa nauli na chapati, na ifikapo mwezi wa tatu wawili kati yao watakuwa wanaanza kila mechi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaandika vijana hivyo, kwa kalamu ya risasi, ili wafutike. Sijivunii jambo hilo.

Nimeanzia kwenye daftari kwa makusudi. Tunapozungumzia mipango ya kikosi, wengi hukimbilia kutazama wenzetu wa Marekani, kwenye ule mpira wao wanaouita wa miguu ilhali wanaushika kwa mikono. Huko kwenye ligi yao, NFL, kila timu, na ziko 32, inaruhusiwa wachezaji 53 kwenye kikosi chake cha msimu, na jumla ya mishahara ina ukomo uliowekwa na ligi. Ukomo huo ulianza mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6, mwaka 2024 ulikuwa milioni 255.4. Halafu kuna drafti. Sisi drafti tunayoijua ni ile ya vizibo vya soda chini ya mti. Yao ni zamu ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni: timu iliyoshika mkia msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Aliyependekeza utaratibu huo mwaka 1935 alikuwa Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, na mwaka uliofuata ukafanyika kwa mara ya kwanza. Bell hakuwa malaika. Timu yake ilikuwa inashindwa kila uchao, na vijana bora walikuwa wakikimbilia kwa wenye nguvu. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 1936, Jay Berwanger, hakucheza NFL hata mechi moja.

Kila mara ligi yetu inapopata bingwa yuleyule miaka mitatu mfululizo, hutokea mchambuzi redioni akasema tuwe na ukomo wa mishahara kama Marekani. Mimi humwuliza: wa kumzuia nani? Dari hujengwa kwenye nyumba yenye kuta. Wenzetu wanagawana pesa za televisheni sawa kwa sawa, hawashuki daraja, na chama cha wachezaji kilikaa mezani kikatia sahihi. Zaidi ya yote, na hili wachambuzi wetu hulisahau, mkataba huohuo uliweka na sakafu. Timu inalazimika kutumia takriban asilimia 90 ya ukomo ule katika kipindi cha miaka kadhaa, na mchezaji mgeni kabisa hawezi kulipwa chini ya kiwango fulani. Ukiichukua dari peke yake ukaileta hapa uwanja wa Afraha, utakuwa umemletea mwenye klabu kisingizio.

Sisi tumewahi kuwa na sakafu, ila haikutengenezwa na ligi.

Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru AllStars, na mwaka 1969 ikalichukua kombe tena. Hakukuwa na soka ya kulipwa. Mtu alicheza Jumapili, na Jumatatu alirudi kazini. Mji wa reli na wa wakulima ulikuwa na kazi za kumrudisha. AllStars ilipokuja kuonekana tena ligi kuu mwaka 2015, ulimwengu ulikuwa umebadilika: mchezaji alitakiwa aishi kwa mpira, na mji haukuwa na pa kumwajiri. Ilishuka msimu uleule.

Katikati ya vipindi hivyo viwili kuna kisa ambacho vijana wengi hawakijui. Miaka ya 2001 na 2002 bingwa wa Kenya alitoka Naivasha: Oserian Fastac, timu ya shamba la maua kando ya ziwa. Waridi lililokatwa alfajiri liliuzwa Ulaya, na nyuma yake kulikuwa na timu iliyowashinda vigogo Gor Mahia na AFC Leopards. Klabu ya shamba la maua hupangwa na ofisi ya wafanyakazi kama inavyopanga vibarua wa chumba cha kufungashia. Mchezaji ni jina kwenye orodha ya mishahara, lenye nambari, likizo na nyumba ya kampuni. Naivasha ikatoa timu nyingine ya maua baadaye, Karuturi, nayo ikafika ligi kuu. Mwaka 2014 kampuni hiyo iliwekwa chini ya wasimamizi wa wadai. Huo ndio udhaifu wa sakafu ya kukodi: bei ya waridi ikianguka Amsterdam, beki wa kushoto anapoteza nyumba Naivasha.

Kisha wakaja wenye sare. Ulinzi Stars, timu ya jeshi, iliundwa mwaka 1995, ikawa bingwa mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, halafu tena 2010. Kwa miaka mingi tuliiita yetu, na Afraha ilikuwa uwanja wake wa nyumbani. Napenda kuieleza timu hii kwa wanafunzi wangu kwa sababu ina ukomo wa mishahara na ina drafti, ingawa hakuna aliyewahi kuviita hivyo.

Ukomo ni cheo. Koplo anayefunga mabao 15 analipwa kama koplo asiyejua kupiga danadana. Mshambuliaji hawezi kumwendea mweka hazina mwezi wa sita na kusema klabu fulani ya Nairobi imempa ofa. Kwa upande mwingine, mshahara unaingia. Mwisho wa mwezi unaingia timu ikiwa ya kwanza au ya kumi na tano. Na ile karatasi ya mshahara ina thamani kuliko tarakimu zilizoandikwa juu yake, maana chama cha akiba na mikopo kinaiamini. Mtu anakopa, ananunua ploti Bahati au Rongai, anajenga vyumba vinne vya kupangisha. Goti likimwisha akiwa na miaka 31, anabaki askari, na mbele yake kuna pensheni. Si klabu nyingi nchini zinazompa mchezaji mpango wa maisha ya baada ya mpira.

Drafti yake ni ile siku ya kuandikisha makuruta. Kocha akimwona kijana mwenye kipaji, hamchukui kwenye dirisha la usajili kama wenzake. Kijana lazima awe Mkenya, awe na cheti cha kidato cha nne, apimwe meno na miguu. Kwa miaka mingi matangazo ya jeshi yametaja urefu usiopungua mita 1.60 na, kwa wanaume, uzito usiopungua kilo 54.55. Akipita, anakwenda Eldoret kufunzwa uaskari kwanza, mpira utamsubiri. Kwa hiyo mabeki wawili wa Ulinzi wakiumia mwezi wa Februari, kocha hana wa kununua. Anapanga kikosi kama mkulima wa chai anavyopanga shamba: anachopanda leo atakichuma baada ya miaka. Na akipata almasi, huenda ikataka kuondoka. Stephen Waruru alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 2011, John Makwatta mwaka 2016, wote wakiwa Ulinzi. Makwatta baadaye alikwenda kucheza Zambia. Dari ya cheo haiwezi kumshika mtu wa aina hiyo, na sidhani inapaswa.

Mtaniambia hayo ni mambo ya kale, sasa soka ni biashara. Sawa, tuitazame biashara. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoacha kudhamini, Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, zilibaki na mikataba mikononi bila pesa ya kuitimiza. Mwaka 2020 ligi ikapata mdhamini mwingine wa kamari, BetKing, kwa ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Mwaka uliofuata mkataba ulikuwa umekwisha. Klabu hizo mbili kubwa zote zimewahi kuzuiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. Hapo ndipo niliposema moyoni, kumbe ukomo wa mishahara tunao. Unatoka kwa FIFA kule Zurich, na unakuja baada ya maji kumwagika.

Kanuni za FIFA zinampa mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, akiwa amemwandikia mwajiri na kumpa siku 15 za kulipa. Ni kanuni nzuri. Lakini lazima uwe na mkataba wa kuvunja, na wale vijana wa kalamu ya risasi hawana. Ndiyo maana, kama ningeulizwa na shirikisho, nisingeanza na ukomo. Ningesema: kabla dirisha halijafunguliwa, klabu iweke benki mishahara ya miezi mitatu ya kila jina inalotaka kuandika, na idadi ya majina iamuliwe na pesa hiyo. Wenye pesa ya 18 waandikishe 18. Kocha atalia. Na alie Agosti, wachezaji wasilie Desemba.

Msimu wa 2024/25 kombe lilikwenda kwa Kenya Police. Wenye sare tena. Sikushangaa.

Nirudi kwenye daftari langu. Kati ya wale vijana niliowaandika kwa kalamu ya risasi kulikuwa na winga wa kushoto, mwembamba kama fito, mwenye mbio za kutisha. Klabu moja ilimwahidi 40,000 kwa mwezi, ahadi ya mdomo. Wiki ileile jeshi lilikuwa linaandikisha. Aliniuliza aende wapi, nami, profesa wa ujira, nikamwambia sijui. Alikwenda kwenye foleni, akavua viatu, akapanda mizani: kilo 53. Mwaka uliofuata alirudi akiwa amekula ndizi tangu alfajiri, na maji juu yake, akapita. Sisi sote mtaani tulingoja kumwona akivaa jezi ya Ulinzi. Hakuivaa hata siku moja. Alifunzwa ufundi wa magari, akapelekwa kambi ya mbali, akaoa. Kila mwanzo wa msimu hunitumia pesa za mipira miwili kwa M-Pesa, na hunipigia kuuliza kama nimeziandika kwa wino.