Panga Kwanza, Nunua Baadaye

Msikilizaji, kazi yako ni ya kompyuta, ofisi iko Nairobi, na wewe unaitamani Kilifi au Nanyuki. Usikimbilie kununua nyumba. Panga kwanza.

Panga hadi mvua za masika zipite. Ndipo utajua kama barabara inapitika, na kama umeme ukikatika unarudi siku hiyohiyo. Intaneti ijaribu saa za kazi, ndani ya nyumba yenyewe, si hotelini. Piga simu ya video, uone kama picha inaganda. Habari za maji muulize jirani. Kwa dalali, maji hayakatiki kamwe.

Mwajiri naye akuandikie kwamba utaendelea kufanyia kazi huko. Ruhusa ya mdomo huondoka na meneja aliyeitoa, lakini mkopo wa benki unabaki na wewe miaka na miaka.

Ukiridhika, kabla ya kulipa hata shilingi, fanya upekuzi rasmi wa hati miliki kwenye ofisi ya ardhi. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Lakini hayo ni baadaye. Kwa sasa, tafuta nyumba ya kupanga.