Manoa Alimfuata Mkewe

Somo: Waamuzi 13:2-14

Asubuhi ya leo tungependa kuzungumza na nyumba zile zinazotazamia mtoto. Huenda mnatusikiliza mkiwa jikoni, mama ameketi kwa taabu kwa kuwa miezi imekaribia kutimia, naye baba anakunywa chai upesi ili awahi kazini. Baba, tunakuomba ukae kidogo. Mazungumzo haya ni yako hasa.

Sisi nasi tuliwahi kumtazamia mzaliwa wa kwanza. Tulikuwa tukihudumu katika parokia moja ya milimani huko Taita, na nyumba yetu ilionekana kuwa tayari kabisa. Nguo ndogo zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa, beseni jipya lilikuwa chini ya kitanda, akina mama wa kanisa walikuwa wamefuma shali, hata jina lilikuwa limechaguliwa. Kila jioni tulimwombea mtoto. Lakini mama wa nyumba yetu alipotuomba tuandamane naye kwenda kliniki, tulijibu kwamba kliniki ni ya akina mama, nasi tuna kikao cha kanisa. Siku moja alirudi akatuambia kwamba presha yake imepanda kidogo, na kwamba muuguzi amemweleza dalili za kuangalia. Tulikuwa tukiandika mahubiri. Tuliitikia "Vema" bila kuinua kichwa.

Majuma mawili baadaye, usiku wa mvua, alituamsha. Kichwa kilimwuma sana, na macho yake yalikuwa yakiona vimulimuli. Tulimpa vidonge vya maumivu, tukamwombea, tukamwambia alale mpaka asubuhi. Alipojaribu kusema kwamba hayo ndiyo aliyoonywa na muuguzi, tulimsihi awe na imani.

Alfajiri jirani yetu, mama mzee wa Umoja wa Akina Mama, alituletea maziwa. Alipomwona uso umevimba, aliweka chupa chini. "Mwanangu Pasta," alituambia, "maombi Mungu ameyasikia. Sasa katafute gari."

Mwenye duka alitupeleka kwa pikapu yake. Hospitalini tulielezwa kwamba presha ya namna hiyo ikiachwa huweza kuleta kifafa cha mimba, na kuua mama na mtoto pamoja. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji siku ile ile. Wote wawili wako hai, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini hatujasahau kwamba onyo lilikuwa limeingia nyumbani mwetu majuma mawili kabla, nasi hatukulisikiliza.

Ndiyo sababu tunapenda kuisoma habari ya Manoa, baba yake Samsoni. Malaika wa Bwana hakumtokea yeye kwanza. Alimtokea mkewe, akampa habari ya mtoto pamoja na maagizo: ajihadhari na divai, na kileo, na chakula kilicho najisi. Mama yule alirudi akamweleza mumewe. Manoa hakusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Alimwomba Mungu amtume tena mjumbe wake, awafundishe wote wawili namna ya kumtunza mtoto atakayezaliwa. Mungu alimsikia, lakini angalieni, mjumbe alimrudia mama tena, akiwa shambani peke yake. Mama alipiga mbio kumwita mumewe, naye Manoa akainuka, akaenda nyuma yake. Na alipouliza, aliambiwa nini? Hakupewa siri mpya. Aliagizwa kwamba mama ayashike yale yale aliyokwisha kuambiwa.

Basi, ndugu zangu, neno letu la leo ni hili: baba humwandalia mtoto mahali kwa kusikiliza yale aliyoambiwa mama.

Tufanyeje? Kwanza, tuandamane kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kupita. Baba asiyeweza kwenda mara zote na aende anazoweza, na jioni kile kitabu cha kliniki kifunguliwe, kisomwe na wote wawili. Tuzijue dalili za hatari: kuumwa sana na kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kutokwa na damu, homa kali, degedege, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Hapo hatungojei asubuhi. Tunaomba tukiwa njiani.

Pili, tupange safari kabla ya siku yake. Nani ana gari au pikipiki, na simu yake hupatikana usiku? Nauli imewekwa wapi? Nani atabaki na watoto wengine? Mmejiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024? Mkoba wenye kanga, nguo za mtoto na kitabu cha kliniki ukae karibu na mlango.

Tatu, tupange siku zinazofuata. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya majuma mawili. Majuma hayo si ya kupokea pongezi barazani tu. Ni ya kuteka maji, kupasua kuni na kupika uji, ili mama apumzike na kunyonyesha. Mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza, na kwa miezi 6 asipewe kingine, hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa.

Wako wazee wanaosema kwamba si vizuri kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Tusiwacheke, wengi wao walizika watoto. Lakini kujiandaa si kujivuna. Pale Bethlehemu nafasi ya kulala ilikosekana, ila nguo za kumvika Mtoto zilikuwapo.

Twajua pia kwamba wanaotusikiliza wamo waliojiandaa kwa yote, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu. Ninyi hamkukosa imani, wala Mungu hakuwaacha. Na wewe dada unayetazamia mtoto bila mume karibu, usijifiche. Wewe mzee wa kanisa, nenda ukambishie hodi dada huyo, ukamwulize ameambiwa nini kliniki.

Nawe baba, kabla hujatoka leo, weka kikombe chini. Mwulize mama wa nyumba yako: "Uliambiwa nini siku ile?" Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemsikia Manoa, utusamehe sisi tulioomba bila kusikiliza. Uwalinde akina mama wote ambao saa yao imekaribia. Wape wakunga na madaktari mikono ya hekima. Utufanye tuwe wepesi kuinuka na kufuata. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.